Kwanza Pika cha Jirani

Hotuba kwa wahandisi, watafiti na wabunifu wa vifaa vya ujenzi, Dodoma

Mbukwenyi!

Naona walioitikia salamu hiyo ya Kigogo ni robo ya ukumbi. Hao wengine walikuja na wizara. Karibuni sana, upepo mtauzoea.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, wahandisi, na ninyi vijana wa vyuo mliochagua viti vya karibu na mlango: nimepewa dakika arobaini baada ya wali na kuku, saa ambayo hata mimi ningesinzia. Nimeombwa nizungumzie hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Sitaizungumzia yote. Habari ya fomu na ada waulizeni BRELA, wakala wetu wa usajili, ndiyo kazi yao. Mimi nimekuja na jambo moja linalowaangusha watu wa vifaa, yaani watu wa saruji, matofali, rangi, gundi, aloi na plastiki, wakishafika kwenye rufaa. Mkaguzi wa ofisi ya hataza amekwambia kitu chako kilishakuwepo. Wewe unamwambia hapana, changu ni tofauti. Sasa unamthibitishiaje?

Kwenye meza ile ya nyuma, pembeni ya birika la chai, nimeweka vipande viwili vya kijivu vinene kama kiberiti. Msiviguse kwanza. Tutavifikia.

Niwape kisa kilichonifundisha kazi hii, nacho ni cha aibu yangu mwenyewe. Kijana mmoja alikuja kwangu na gunia la majivu. Alikuwa anachukua pumba za mpunga wa Bahi, ambazo mashineni huwa wanazitupa au wanazichoma lundo zima wazipunguze, yeye anazichoma kwa utaratibu, anasaga majivu, anachanganya na chokaa, anapata saruji ya kujengea nyumba ya kawaida. Wengi hapa mnalijua hilo. Ukikoboa mpunga, karibu sehemu moja ya tano ya uzito ni pumba. Ukichoma pumba, karibu sehemu moja ya tano ya hizo inabaki majivu, na majivu hayo kwa sehemu kubwa ni silika, ile iliyo nyingi pia kwenye mchanga, mara nyingi zaidi ya asilimia 80. Silika ikikutana na chokaa na maji hushikana, ikawa ngumu kwa namna ileile inayoifanya saruji ya dukani iwe ngumu.

Lakini silika haiko ya namna moja. Ukichoma kwa moto wa wastani, tuseme chini ya nyuzi 700 za Selsiasi, silika hubaki haina mpangilio, chembe zake zimekaa ovyo, na hiyo ndiyo inayopenda kushikana na chokaa. Moto ukizidi na ukikaa muda mrefu, chembe hujipanga zikawa fuwele, na fuwele ni mvivu: chokaa inakuja, yeye amelala. Kwa macho majivu yote mawili ni majivu, ingawa wazoefu huangalia rangi. Ukitaka uhakika unayapiga eksirei. Yale yasiyo na fuwele huchora kwenye grafu kilima kipana, kimelala kama Mlima wa Simba ukiutazama kwa mbali. Yenye fuwele huchora ncha kali kama mwiba wa mgunga.

Basi kijana akataka hataza ya ile saruji. Dai lake la kwanza, yaani ile sentensi ya ombi inayotaja hasa kitu unachotaka kilindwe, ambalo mimi ndiye niliyemsaidia kuliandika, lilisema: saruji yenye majivu ya pumba na chokaa kwa kiwango kadhaa, ambamo silika ya majivu haina fuwele. Mkaguzi akarudi na hati moja ya zamani. Mle ndani mtu alishachoma pumba kwa nyuzi 600, akasaga, akatia chokaa, viwango vinagusana na vyetu. Neno fuwele halimo hata mara moja.

Nikafurahi! Nikaandika kurasa tano kueleza kwamba hati ile iko kimya kuhusu fuwele, kwa hiyo saruji yetu ni mpya. Nikaambatisha na vipimo: tofali letu dhidi ya matofali ya saruji na mchanga niliyonunua kando ya barabara. Letu liliyashinda. Tukakataliwa, tukakata rufaa, tukashindwa. Uamuzi wenyewe ulikuwa mrefu, ila kilichotuua kilikaa kwenye mambo mawili. Kwanza, hati kutosema jambo si ushahidi kwamba jambo halipo. Aliyechoma pumba kwa nyuzi 600 alipata silika ya namna fulani, awe aliijua au hakuijua. Pili, nani alikuuliza habari za matofali ya barabarani? Ulipaswa kujilinganisha na ile hati.

Nilinuna wiki nzima. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya kabla sijaandika hata mstari mmoja: nikaichukua hati ile, nikaipika. Pumba zilezile za Bahi, moto uleule wa nyuzi 600, muda uleule, chokaa kwa kiwango kilekile. Nikapeleka majivu eksirei. Kikaja kilima kipana, kimelala. Sawasawa na cha kwetu.

Mkaguzi alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Na ngoja niwaambie kilichoniuma zaidi. Yule kijana kweli alikuwa amevumbua kitu. Alikuwa na tanuri la pipa, na namna yake ya kuingiza hewa kwa chini ilikuwa inazuia moto usipande, bila umeme, bila kipimajoto cha bei. Hicho ndicho kilikuwa kipya. Kama ningepika mapema ningeona kwamba saruji yake haina tofauti, ningemwambia aachane na saruji, adai tanuri. Tulipozinduka, tanuri lilikuwa limeshaoneshwa Nanenane pale Nzuguni siku zote za maonyesho, na mwenyewe akawa anafungua mlango na kueleza kila tundu kwa kila aliyeuliza. Upya katika hataza unapimwa kwa kilichowafikia watu popote duniani, na Nzuguni iko duniani.

Sasa tuingie kwenye sheria kidogo. Nitatumia kesi za Marekani, kwa sababu kule wamezibishania sana kesi za vifaa na hukumu zao zinasomeka. Hazimfungi mtu yeyote Harare, yaliko makao ya ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, wala hapa kwetu. Ila hoja zake mtakutana nazo popote. Tanzania iliingia kwenye Itifaki ya Harare mwaka 1999, na mwaka huohuo ikaingia kwenye mkataba wa ushirikiano wa hataza wa kimataifa, kwa hiyo ombi la mtu wa Kikuyu au wa Nkuhungu linaweza kukaguliwa na ARIPO, na likikataliwa lina Bodi ya Rufaa ya kwenda. Mkaguzi wa huko naye amesoma kemia ileile.

Swali la kwanza ni la mzigo. Nani athibitishe? Watu wengi hudhani mkaguzi ndiye athibitishe kwamba vitu viwili ni kimoja. Ni kweli, yeye ndiye anayeanza. Lakini mwaka 1972 mahakama yao iliyoitwa Mahakama ya Rufaa za Forodha na Hataza iligusa jambo la wazi kabisa: ofisi ya hataza haina jiko. Haina tanuri, haina kinu, haina pa kutengenezea kila kitu kinachodaiwa na kukilinganisha na cha zamani. Mwaka 1977, katika kesi iliyohusu zeolaiti, yale madini yenye vitundu vidogo sana yanayotumika kuchuja na kusafisha mafuta, mahakama hiyohiyo ikaweka sawa: vitu viwili vikionekana kuwa kimoja, au vimetengenezwa kwa njia moja au zinazokaribiana sana, ofisi inaweza kumgeukia mwombaji na kumwambia, wewe ndiye mwenye jiko, tuoneshe kwamba kile cha zamani hakina sifa unayojivunia. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni uonevu. Mimi siuoni. Anayedai ndiye mwenye gunia la pumba mkononi.

Mwaka 1990 ikaja kesi ya gundi. Mwombaji alikuwa na polima, kitu cha jamii ya plastiki, inayonata. Hati ya zamani ilitumia malighafi zinazofanana, kwa njia inayofanana, ila ilizungumzia kitu kigumu. Mwombaji akasema: yangu inanata, yake ngumu, basi ni vitu viwili. Mahakama haikushawishika. Kama ni mchanganyiko mmoja kikemia, hauwezi kuwa na tabia mbili zinazokataana. Ama mchanganyiko si mmoja, na hapo leta ushahidi, ama ni mmoja, na hapo hizo tabia unazosema zinatoka wapi? Ushahidi haukuja. Waliobaki na maneno walibaki nayo. Wazee wetu walishasema maneno matupu hayavunji mfupa, na kwenye rufaa za hataza hiyo ni kanuni kabisa: hoja ya wakili, hata iwe tamu namna gani, haihesabiwi kuwa ushahidi.

Ile ninayoipenda kuliko zote ni ya titani, mwaka 1985. Kampuni iliomba hataza ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya titani yenye nikeli asilimia 0.6 hadi 0.9 na molibdeni asilimia 0.2 hadi 0.4. Walikuwa wamegundua kwamba haishiki kutu hata kwenye maji ya chumvi ya moto, jambo la maana sana kwa watu wa viwanda. Ofisi ikachomoa makala ya Kirusi ya mwaka 1970, kurasa tatu tu, isiyozungumzia kutu. Ilikuwa na michoro. Kwenye mchoro mmoja kulikuwa na nukta, na ukiisoma ile nukta inaangukia nikeli 0.75 na molibdeni 0.25. Nukta moja kwenye mchoro wa Warusi! Jaji wa kwanza aliwaonea huruma waombaji, mahakama ya juu ikakataa. Walichogundua ni tabia ya aloi. Walichodai ni aloi yenyewe, na aloi ilishatengenezwa.

Hapo kuna mtu daima huniuliza habari za tanzanaiti, nami namjibu hivi. Zoisaiti, madini ambayo tanzanaiti ni aina yake ya bluu, ilishapewa jina lake mwaka 1805 huko Ulaya. Sisi tukaipata ya bluu Mererani mwaka 1967, dunia ikashangaa, duka la vito la New York likaipa jina jipya. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, yakipashwa moto yanageuka bluu. Ungetaka hataza wakati ule ungedai nini? Jiwe? Jiwe ni zoisaiti. Jiwe la bluu? Yapo yaliyotoka ardhini yakiwa na bluu yao tayari. Labda namna ya kulipasha moto, kama hakuna aliyeifanya kabla yako. Jina jipya ni la wauzaji, mkaguzi haliangalii.

Na msidhani kubadilisha njia ya kutengeneza kutakuokoa. Ukidai bidhaa, ukaieleza kwa njia iliyoitengeneza, kwamba "saruji iliyopatikana kwa kuchoma kwenye tanuri la namna hii", wakaguzi wa Marekani na wa Ulaya wataiangalia saruji. Tanuri ni habari yako. Kama saruji inayotoka ni ileile, umerudi palepale. Ndiyo sababu nasema dai tanuri.

Nisiwatishe mno, watu hushinda. Mwaka 1995 kuna waombaji walishinda kwa polima inayopitisha umeme. Wengine walishatumia polima za namna ile zenye molekuli ndogo. Wao wakapandisha uzito wa molekuli kupita 150,000. Kwa kawaida ungesema, ah, ameongeza tu namba. Lakini ndani ya maelezo ya ombi lao tangu siku ya kwanza waliweka jedwali: chetu hiki, cha zamani hiki, vimepimwa pamoja. Nguvu ya kuvutwa ilikuwa imepanda angalau mara 50. Ofisi haikuwa na namba ya kupinga. Mahakama ikatengua kukataliwa kwao. Angalieni walichofanya: hawakujisifu kwamba kitu chao ni kizuri. Walimpikia jirani chakula chake, wakakiweka mezani kando ya chao, wakapima vyote kwa kijiko kimoja.

Ndiyo kazi yenyewe sasa, nayo ina ufundi. Kwanza unamchagua jirani. Ni yule aliye karibu nawe kuliko wote, wala si yule unayejua utamshinda. Mimi nilichagua matofali ya barabarani kwa sababu nilijua nitayapiga. Kama hati mbili ziko karibu sawa, pika zote mbili, usimwachie mkaguzi nafasi ya kukwambia umekwepa moja. Halafu pika kwa uaminifu. Hati za zamani zina mapengo: hazisemi alisaga muda gani, hazisemi alipoza vipi. Ukijaza pengo kwa namna itakayokiharibu chakula cha jirani, utagundulika, na ukigundulika hata namba zako za kweli hazitaaminika tena. Afadhali upike pengo kwa namna mbili tatu zinazofaa, uziseme zote. Badilisha jambo moja tu. Ukitumia pumba za Bahi kwenye chako na za Mbarali kwenye chake, umepima nini, moto au mashamba?

Kuna jambo watu hulisahau mpaka wanalia. Dai lako linasema majivu ya nyuzi 450 hadi 700, vipimo vyako vyote ni vya 600. Utaulizwa: na 450 je? Na 700? Ushahidi unatakiwa uenee kwenye dai, au dai lifinywe likae kwenye ushahidi. Mimi hushauri pima ncha zote mbili na katikati, na ncha moja ikikuangusha, likate dai hapo bila huruma.

Pia toeni majibu mabaya. Kama kati ya tofali kumi mawili yalipasuka, andika yalipasuka. Mkaguzi mwenye akili anashtuka akiona jedwali lisilo na kasoro. Mpimaji aape kwenye hati ya kiapo kwamba alifanya yeye, lini, kwa mashine gani, na ikiwezekana awe mtu asiye na hisa kwenye mradi. Hapa Dodoma hatuna udhuru mkubwa: Taasisi ya Jiolojia ipo, chuo kikuu kipo, maabara za kupima zege zimefuata ujenzi wote huu wa Mtumba. Eksirei moja na majaribio ya mgandamizo ya siku 7 na siku 28 ni nafuu kuliko rufaa, naapa.

Siku 28, mmesikia? Saruji haijali tarehe yako ya mwisho. Hapo ndipo naomba mniazime masikio, hata ninyi wa mlangoni. Rufaa si mahali pa kuanza kupima. Kwenye baraza la rufaa la ofisi ya hataza ya Marekani, ukishawasilisha rufaa, ushahidi mpya hauingii hivihivi; unatakiwa ueleze kwa nini hukuuleta mapema, na ukishaandika hoja zako za rufaa mlango unakuwa umefungwa karibu wote. Mabaraza ya rufaa ya ofisi ya Ulaya nayo yamekaza tangu kanuni zao za mwaka 2020. Ukisema "tutapima tukifika rufaani", umeshachelewa. Pika siku ile unapoandika ombi, uweke jedwali ndani ya ombi. Ukishindwa, pika barua ya kwanza ya mkaguzi ikifika.

Kuna ujanja mmoja wa zamani ambao nauzika leo rasmi. Watu walikuwa wanasema: bidhaa ya mshindani iko sokoni, sawa, lakini hakuna anayeweza kujua imetengenezwaje wala kuirudia, kwa hiyo isihesabiwe. Tarehe 2 Julai 2025 Baraza Kuu la Rufaa la ofisi ya Ulaya liliamua, katika kesi iliyotokana na plastiki ya kufunikia seli za sola, kwamba bidhaa iliyokwisha kuwekwa sokoni inahesabiwa kuwa imejulikana, hata kama fundi wa kawaida asingeweza kuichambua na kuitengeneza upya. Kwa hiyo jirani wa kupikiwa si lazima awe hati. Anaweza kuwa gunia lililoko dukani Majengo. Linunue, hifadhi risiti, weka kilo mbili pembeni zilizofungwa vizuri, kwa sababu kampuni hubadilisha mchanganyiko bila kukuaga.

Mwenyekiti ananionesha saa. Sawa.

Vipande vile viwili vya nyuma. Kimoja ni saruji ya yule kijana, cha pili ni ile ya hati ya zamani, niliyoipika mwenyewe nikiwa nimechelewa. Vyote vina umri mmoja, vimekauka kwenye kivuli kimoja. Sijaandika kipi ni cha nani. Nimeweka herufi tu, A na B, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Mkipita kuchukua chai, vikwaruzeni kwa kucha, vigongeni, vinuseni mkitaka, halafu mniandikie kwenye karatasi ile tofauti mliyoiona. Chai ni dakika ishirini.